Mashine imeamka, waifai bado imelala

Mara nyingi mnaniuliza kwa nini siku fulani matangazo ya watoto waliopotezana na wazazi yanachelewa kusomwa redioni. Kuna waliofikiri kwamba majina yanachaguliwa, kwamba watu wa kijiji fulani wanatangulia na wengine wanawekwa pembeni. Neno hilo linaumiza, na linastahili jibu kamili. Sababu nyingine mnazijua wenyewe: barabara, mvua, umeme kukatika, usalama mdogo. Leo nataka kueleza sababu moja ambayo hamuioni, kwa kuwa iko ndani ya kompyuta. Naieleza pia kwa ajili ya wanafunzi na waandishi wa redio za jamii, maana wengi wana mashine kama yangu na wanasumbuliwa na ugonjwa ule ule.

Mashine yangu ni ya mtumba, na ndani yake kuna Linux. Huo ni mfumo wa kuendesha kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi Helsinki, nchini Finlandi. Ukiwa na flashi unaweza kuunakili na kuuweka kwenye mashine yako bila kulipa. Kuna matoleo mepesi yanayokubali kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ndogo. Na virusi vinavyotembea kwenye flashi, kutoka sekretaria moja hadi nyingine, vingi viliandikwa kwa ajili ya Windows. Humo havipati kazi. Kwa mtu anayepokea flashi za watu kila siku, hiyo ni faida kubwa.

Mwaka 2023 nilikuwa nakusanya matangazo katika kambi ya Bulengo, upande wa magharibi wa Goma, ambako familia nyingi zilizokimbia vita Masisi na Rutshuru zilikuwa zinaishi chini ya bashi. Umeme wa kazi yangu ulitoka kwa kijana mmoja aliyekuwa na sola ndogo ya kuchajia simu. Betri ya mashine ilikuwa imezeeka, haifiki saa mbili. Kwa hiyo kila nilipomaliza kuandika tangazo la mtu mmoja, nilifunika mashine ilale, kisha nilifunua tena kwa mtu anayefuata. Bila kufanya hivyo, watu kumi wa kwanza wangeandikwa na wengine wangerudi mikono mitupu.

Mangaribi moja alikuja mama aliyepotezana na mtoto wake wa miaka sita njiani, siku walipokimbia. Jina la mtoto lilikuwa limekwisha kuandikishwa kwa watu wa Msalaba Mwekundu, lakini alitaka pia lisomwe redioni, kwa sababu ndugu zake waliobaki upande wa pili wanasikiliza redio kila jioni. Nilimwandikia tangazo, akasikiliza nikimsomea, akasahihisha jina la kilima. Kisha nilifunika mashine ili nimalize na mzee aliyekuwa nyuma yake, ambaye alitaka kuandikiwa kwa biki kwenye karatasi. Nilipofunua, kioo kiliwaka, tangazo lilikuwa pale pale, lakini alama ya waifai ilikuwa tupu. Hakuna mtandao hata mmoja.

Modemu ilikuwa mfukoni, taa yake inawaka. Simu yangu, kwenye modemu ile ile, ilikuwa inafungua kila kitu. Betri ya mashine ilibaki asilimia 11. Kuizima na kuiwasha upya, kwa mashine nzee kama ile, kungeweza kumaliza hiyo 11 kabla ya tangazo kutoka. Habari za jioni zilikuwa karibu kuanza.

Mama akauliza, “Muandishi, kuna nini?”

Nikamjibu, “Mama, mashine imeamka, lakini masikio yake bado yamelala.”

Kijana wa sola alikuwa anatusikiliza. Kabla ya vita alikuwa anasoma mambo ya kompyuta, na masomo yalikatika njiani pamoja na mambo mengine. Akasema, “Yaya, usiizime. Leta kamba ya simu.” Akachomeka simu yangu kwenye mashine kwa kamba ya USB, akaingia kwenye mipangilio ya simu mahali pa kugawa intaneti, akachagua kugawa kwa USB. Baada ya muda mfupi Linux ikaona intaneti mpya kana kwamba ni kamba ya mtandao, bila kuhitaji waifai. Tangazo likaondoka. Lilisomwa jioni ile, mama akalisikia kwenye redio ya jirani.

Kwa hiyo hilo ndilo la kwanza ninalotaka mshike. Waifai ikikataa na una kazi ya haraka, usianze kupigana nayo. Chomeka simu kwa kamba, tuma kazi yako, halafu tafuta ugonjwa ukiwa umetulia. Uzuri mwingine ni kwamba simu nayo inapata chaji kidogo kutoka kwenye kompyuta. Ubaya ni kwamba betri ya kompyuta inapungua kwa haraka zaidi. Ukimaliza, chomoa.

Siku zilizofuata yule kijana alikaa nami, akanionyesha jambo moja baada ya jingine. Mimi si fundi, lakini nimeyarudia mara nyingi hadi nimeyajua.

Kompyuta ikilala, haizimi kabisa. Inakata umeme kwa sehemu karibu zote, inaacha kidogo tu kwa kumbukumbu ambamo kazi yako iliyofunguliwa imekaa. Ndiyo maana ukifunua unakuta maandishi yako pale pale. Lakini kadi ya waifai huenda imekatiwa umeme. Kadi nyingi za namna hiyo zina kompyuta ndogo ndani yake, na zinahitaji kupakiwa programu yake kila zinapowashwa. Anayeifanyia kazi hiyo ni draiva, kipande cha programu kinachosimama kati ya kadi na kerneli, yaani moyo wa Linux. Mashine inapoamka, kerneli inaambia kila draiva: amsha kitu chako. Mara nyingine draiva inaita na kadi haijibu, au kadi inajibu kabla draiva haijawa tayari. Matokeo ni yale yale: kadi iko, inaonekana, lakini haisikii mtandao wowote. Ukiizima mashine na kuiwasha, kila kitu kinaanza mwanzo, na waifai inarudi. Ndiyo maana watu wengi wanadhani dawa ni kuzima tu.

Dawa nyingine zipo, na zinachukua sekunde chache. La muhimu ni kujua ugonjwa uko mahali gani kati ya pahali patatu: kufuli ya redio, msimamizi wa mtandao, au draiva yenyewe. Unafungua dirisha la amri, ambalo kwenye Linux wanaliita terminali, na kuuliza moja kwa moja.

Kwanza, kufuli. Andika:

rfkill list

Utaona orodha ya redio zilizo ndani ya mashine, yaani waifai na bluetooth. Kama kwenye waifai kumeandikwa “Soft blocked: yes”, imefungwa na programu, na amri hii inaifungua:

rfkill unblock wifi

Kama ni “Hard blocked: yes”, imefungwa kwa kibonye. Kompyuta nyingi za zamani zina kibonye kidogo cha pembeni, au ufunguo wenye picha ya mnara kwenye safu ya juu. Hapo hakuna amri itakayosaidia, tafuta kibonye.

Pili, msimamizi wa mtandao. Kwenye matoleo mengi ya Linux anaitwa NetworkManager. Uliza hali yake:

nmcli general status

Kama kumeandikwa “asleep”, msimamizi mwenyewe hajaamka, ingawa kadi ni nzima. Mwamshe:

nmcli networking on

Kama hajalala lakini haonyeshi mitandao, zima redio ya waifai na kuiwasha:

nmcli radio wifi off
nmcli radio wifi on

Na kama bado, mwanzishe upya msimamizi peke yake, bila kuzima mashine:

sudo systemctl restart NetworkManager

Neno “sudo” maana yake unaomba ruhusa ya mwenye mashine, kwa hiyo utaulizwa neno la siri. Ukiandika neno hilo hakuna herufi itakayoonekana kwenye kioo. Usishtuke, andika tu na kubonyeza ingiza.

Tatu, draiva. Andika:

ip link

Tafuta mstari wenye jina linaloanza na herufi “wl”, kama wlan0 au wlp2s0. Hiyo ndiyo kadi ya waifai jinsi kerneli inavyoiona. Kisha:

lspci -k

Orodha itakuwa ndefu. Shuka hadi mahali panapotaja mtandao usio na kamba, na chini yake usome mstari wa “Kernel driver in use”. Jina lililo mbele yake ndilo jina la draiva yako. Liandike kwenye daftari. Kadi za Intel kwa kawaida hutumia iwlwifi. Kadi nyingi za Realtek majina ya draiva zao huanza na rtl au rtw. Kadi za Atheros mara nyingi ni ath9k au ath10k_pci. Kama waifai yako ni kile kidude kinachochomekwa kwenye tundu la USB, hakitaonekana humo. Tumia lsusb, na dawa ya kwanza ni kukichomoa na kukichomeka tena.

Kisha soma kerneli inasema nini kuhusu kuamka kwake:

sudo dmesg | tail -n 40

Hiyo ni mistari 40 ya mwisho. Huna haja ya kuielewa yote. Tafuta jina la draiva yako na maneno “failed”, “timeout” au “firmware”. Ukiyakuta karibu na jina hilo, umeupata ugonjwa: kadi iliitwa, haikujibu. Sasa ondoa draiva na kuirudisha. Mahali nilipoandika JINA, weka jina lako:

sudo modprobe -r JINA
sudo modprobe JINA

Amri ya kwanza inaitoa draiva kwenye kerneli, ya pili inairudisha, nayo inaipakia kadi programu yake upya. Subiri kama sekunde kumi. Kwangu mimi mitandao yote ilirudi, na mashine haikuzimwa. Ukijibiwa kwamba moduli inatumika, maana yake kuna moduli nyingine imeishikilia na lazima itoke kwanza. Kwa mfano iwlwifi kwenye kadi nyingi hushikiliwa na iwlmvm, kwa hiyo unatoa iwlmvm, kisha iwlwifi. Amri ya lsmod inaonyesha nani ameshikilia nani.

Ilitokea mara moja kwangu kwamba kadi haikuonekana kabisa kwenye orodha ya lspci. Hapo draiva haina cha kuamsha. Unaweza kuiomba kerneli ipekue tena vifaa vyake:

echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan

Ikikataa, hapo ndipo kuzima kabisa kunahitajika. Zima, chomoa umeme, subiri kidogo, washa.

Baada ya wiki mbili za kuandika amri hizo mbili za modprobe kila nilipofunua mashine, kijana alinicheka. Alisema kazi inayorudiwa kila siku apewe mashine mwenyewe. Tukatengeneza faili dogo ndani ya folda hii:

/usr/lib/systemd/system-sleep/

Kila faili lenye ruhusa ya kutendeka ndani ya folda hiyo huitwa na mfumo mara mbili: kabla ya kulala likiambiwa neno “pre”, na baada ya kuamka likiambiwa “post”. Faili letu tuliliita waifai, na ndani yake kulikuwa na mistari hii tu:

#!/bin/sh
case "$1" in
pre) modprobe -r JINA ;;
post) modprobe JINA ;;
esac

Kisha tukalipa ruhusa:

sudo chmod 755 /usr/lib/systemd/system-sleep/waifai

Tangu siku ile draiva inatolewa kabla mashine haijalala, kwa hiyo hakuna kinachosahaulika usingizini, na inarudishwa mashine inapofunuliwa. Nikifunua, nahesabu moja hadi kumi, waifai iko.

Kuna mambo matatu ambayo watu wanayachanganya na ugonjwa huu. La kwanza ni waifai inayokatika mashine ikiwa macho, hasa ukiwa mbali na modemu. Hiyo mara nyingi inatokana na kadi kubana umeme wake. Katika folda ya /etc/NetworkManager/conf.d/ unaweza kuweka faili linaloishia na “.conf”, lenye mstari wa kwanza [connection] na wa pili wifi.powersave = 2, na kubana huko kunakoma. Lakini kumbuka kwamba unalipa kwa betri. Kwa sisi tunaotegemea sola ya jirani, nashauri ujaribu kwanza bila hiyo.

La pili ni aina ya usingizi. Ukiandika cat /sys/power/mem_sleep, utaona “s2idle” peke yake, au pamoja na “deep”, na lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika. Deep ni usingizi mzito, unaokula betri kidogo sana. S2idle ni usingizi mwepesi, unaokula zaidi. Kwenye mashine nyingine waifai inaamka vizuri kutoka kwenye mmoja na kukataa kutoka kwenye mwingine. Unaweza kujaribu, na ukiwasha mashine upya hali ya kwanza inarudi:

echo s2idle | sudo tee /sys/power/mem_sleep

La tatu ni kerneli mpya. Mara nyingine ugonjwa unaanza baada ya kusasisha mfumo, na mara nyingine kusasisha ndiko kunauponya. Matoleo mengi huacha kerneli ya zamani pamoja na mpya, na unaweza kuichagua kwenye menyu mashine inapoanza kuwaka. Ukiona ya zamani inaamka vizuri, fanya kazi nayo hadi sasisho jingine litoke.

Narudi kwa wale waliodhani majina yanachaguliwa. Tangu wakati ule tulibadili utaratibu. Kila tangazo linapata namba kwenye daftari, pamoja na saa lilipoandikwa, na mwenye tangazo anaona namba yake. Redioni linasomwa kwa kufuata namba hizo, isipokuwa tangazo la mtoto mdogo aliye peke yake, ambalo linatangulia. Tangazo halisubiri mwisho wa siku ili litumwe pamoja na mengine; linaondoka mwenye kuandikiwa akiwa bado amekaa hapo. Likishindwa kwa waifai, linapita kwa kamba ya simu. Likishindwa kwa vyote, naliandika kwenye karatasi na motari analipeleka redioni, na mwenye tangazo anaambiwa wazi kwamba huenda lisisomwe jioni hiyo. Mtu aliyepoteza mtoto anaweza kuvumilia kusubiri siku moja akijua sababu. Kusubiri bila kujua ndiko kunakomfanya ahesabu vijiji vya waliosomwa kabla yake.

Kwa wenye mashine, nina ombi moja. Nakili amri hizi kwenye karatasi leo, kwa biki, pamoja na jina la draiva yako, na uiweke karatasi ndani ya mfuko wa kompyuta. Usiziache kwenye simu tu, wala usiseme utazitafuta siku ya shida. Siku hiyo ndiyo intaneti haitakuwepo. Mwandiko uwe mkubwa na wazi, ili hata mtu mwingine aweze kukusomea herufi moja moja wakati wewe unabonyeza.